Seva ya gemu kati ya Kigoma na Tabora: hotspoti, poti ya ruta, VPN au kukodi?

Mara ya kwanza kumkaribisha mtoto wa mama mdogo kwenye seva yangu ya Minecraft, yaani laptopu yangu iliyokuwa ikiiendesha gemu hiyo ya kujenga ili wengine waingie waicheze, nilimtumia anwani hii: 192.168.1.5. Mimi nilikuwa Mwanga hapa Kigoma, yeye alikuwa Isevya, Tabora. Baada ya robo saa akapiga simu.

"Shikamoo kaka. Ile namba inagoma."

"Marahaba. Umeandika nukta zote?"

"Zote. Inasema haiwezi kuunganisha."

Nilizima kinga ya Windows, nikawasha ruta upya, nikamwambia ahamie sehemu yenye mtandao mzuri zaidi. Usiku ukaisha hivyo. Kosa lilikuwa kwenye namba yenyewe: 192.168.1.5 ilikuwa anwani ya laptopu yangu ndani ya nyumba yetu tu. Kule Isevya namba hiyohiyo ingeweza kuwa ya simu ya dada yake, au isiwe ya kifaa chochote.

Tangu hapo nimepita njia nne za kuwakutanisha watu kwenye gemu moja, na vijana wengi hunijia wakiuliza ipi ni bora. Mimi huwauliza kwanza: una IP, yaani anwani ya mtandao, ya aina gani? Wengi hawajui, na ndiyo maana wanapoteza bando na usingizi.

Bweni na S.L.P.

Aliyesoma shule ya bweni atanielewa upesi. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua iliyoandikwa S.L.P. hiyo, Tabora, itafika hata ikitumwa kutoka Mtwara. Lakini barua iliyoandikwa "Bweni la Kilimanjaro, kitanda namba 12" peke yake haina pa kwenda, maana shule zenye bweni la jina hilo ni nyingi na kitanda namba 12 kipo kila mahali.

IP ya ndani ndiyo kitanda. Zimetengwa namba maalumu kwa kazi hiyo duniani kote: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Ukiona IP yako iko humo, fahamu kwamba mtu wa nje hawezi kuifikia moja kwa moja. IP ya nje, yaani ya umma, ndiyo S.L.P. Ni moja kwa mtandao mzima wa nyumbani, na ruta ndiye karani wa shule anayepokea gunia la barua na kuzigawa.

Karani huyu ana tabia moja inayoamua kila kitu kwenye gemu. Mwanafunzi akiandika barua kwenda nje, karani anaandika jina lake daftarini, na majibu yakirudi anajua ampe nani. Ndiyo maana unaweza kuingia seva za watu bila kugusa mipangilio yoyote. Lakini barua ya mgeni isiyojibu barua yoyote ya mwanafunzi wala kutaja jina la mtu, karani anaiacha. Binamu yako anayejaribu kuingia kwenye seva yako ni mgeni wa namna hiyo.

Hapo ndipo namba ya poti inapoingia. Poti ni kama jina la mhusika juu ya bahasha. Minecraft ya Java, ile ya kompyuta, husikiliza kwenye poti 25565, ile ya Bedrock inayochezwa kwenye simu hutumia 19132, Terraria 7777, na seva za Counter-Strike kwa kawaida 27015. Anwani kamili huandikwa IP, nukta mbili, kisha poti. Ukiambiwa na mtu "nipe IP" na poti yako si ile ya kawaida, mpe zote mbili, la sivyo atabisha kwenye mlango usio wako.

Na 127.0.0.1? Hiyo kila kompyuta huitumia kujiita yenyewe. Ukimpa rafiki, atakuwa anaitafuta seva ndani ya mashine yake mwenyewe.

Pima kwanza kabla ya kuchagua

Kazi hii ni ya dakika tano. Fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako, tafuta IP iliyoandikwa upande wa WAN au intaneti, uiandike. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako na uilinganishe na uliyoandika.

Zikifanana, una S.L.P. yako mwenyewe, na njia zote nne ziko wazi kwako. Zikitofautiana, na hasa kama ile ya ruta inaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi upo nyuma ya kile watoa huduma wanachokiita CGNAT. Maana yake shule yako haina S.L.P. Inapokea barua kupitia S.L.P. ya ofisi kubwa pamoja na mamia ya shule nyingine, na karani wa ofisi ile hapokei maagizo yako.

Si hila ya mtu. IP za mfumo wa zamani, IPv4, zote kwa jumla ni 4,294,967,296, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Mwaka uliofuata fungu la 100.64 likatengwa rasmi kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya IP moja. Mitandao ya simu hutumia sana utaratibu huu, na vijana wengi ninaocheza nao hapa mjini wanatumia bando la simu au ruta ya laini. Laiti ningejua hivyo mapema. Nilikesha siku mbili nikifuata video za kufungua poti, wakati laini yangu haikuwa na poti ya kufungua. Hakuna aliyeniambia, na video zile zilitengenezwa na watu wenye IP ya umma majumbani kwao.

Njia ya kwanza: waifai moja au hotspoti

Kama wachezaji wanaweza kukaa nyumba moja, usitafute kingine. Nalisema hili kwa moyo wote, maana naona watu walioketi kochi moja wanaunganishana kupitia seva iliyoko Ulaya, kila mmoja akichoma bando lake.

Hapa IP ya ndani, ile iliyonishinda na Tabora, ndiyo hasa inayotakiwa. Mwenye seva anafungua dirisha la amri kwenye Windows, anaandika ipconfig, anasoma mstari wa IPv4, wenzake wanaandika namba hiyo na poti. Ukiwasha hotspoti kwenye iPhone, simu yenyewe hujipa 172.20.10.1 na wageni hupata namba zinazofuata. Hotspoti ya Windows hukaa kwenye 192.168.137.1. Android nyingi za zamani zilikuwa 192.168.43.1, za siku hizi hubadilika, kwa hiyo angalia kila mara. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kifaa hakijapewa IP na yeyote, kata waifai uunganishe tena.

Pingi, yaani muda ambao ujumbe unakwenda kwenye seva na kurudi, inakuwa milisekunde chache. Mazungumzo ya gemu hayatoki nje ya chumba, hivyo hayali MB. Kama simu iliyowasha hotspoti inaruhusu, zima data yake, kwa sababu programu za wenzako zikijisasisha kimyakimya ndizo zitakazolimaliza bando lako. Nakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadhoofika nchi nzima. Sisi tuliokuwa na laptopu mbili na hotspoti moja tuliendelea kucheza kama kawaida.

Mambo mawili hukwamisha. Windows ikikuuliza kama mtandao ni wa umma au wa binafsi, chagua wa binafsi, vinginevyo itawafungia wenzako nje. Na waifai nyingi za hoteli na za vyuo huzuia kifaa kimoja kukiona kingine. Hapo hata IP sahihi haisaidii, afadhali uwashe hotspoti yako.

Udhaifu wake unajulikana. Mtu wa Ujiji anaweza kupanda bajaji akaja Mwanga. Mtu wa Tabora ana safari ya treni.

Njia ya pili: kufungua poti kwenye ruta

Hii ni kumwambia karani mapema: barua yoyote yenye 25565, mpelekee kitanda hiki. Inafaa kwa mwenye IP ya umma tu, mara nyingi mtu wa faiba. Ukiwa na IP hiyo ni njia nzuri, haina gharama ya ziada na rafiki zako hawahitaji kuweka programu yoyote.

Fanya hivi: mpe kompyuta yako IP ya ndani isiyobadilika, kisha kwenye ruta elekeza poti ya gemu kwenye IP hiyo, ukichagua TCP au UDP, yaani njia mbili za kusafirisha data, kama gemu inavyotaka. Minecraft ya Java ni TCP, Bedrock ni UDP. Ukikosea hapo utahangaika bure.

Lakini uyajue na mengine. IP ya umma ya nyumbani kwa kawaida hubadilika, na kwetu umeme ukikatika ruta inawaka na namba mpya, watu wa Tabora wanabaki wanabisha kwenye ile ya jana. Huduma kama DuckDNS hukupa jina la bure linalofuata IP yako inapohama. Mtoa huduma pia anaweza kukuuzia IP ya kudumu, uliza bei kabla hujaingia mkataba. Pia seva ikiwa kwako, wewe ndiye unayepakia data ya wachezaji wote. Kasi ya kupakua haina msaada hapo. Pima kasi ya kupakia, ambayo kwenye vifurushi vingi ni ndogo zaidi.

Na umeufungua mlango wa nyumba yako kwa dunia. Kuna mashine zinazozunguka intaneti mchana kutwa zikijaribu poti za watu. Washa orodha ya wanaoruhusiwa. Kwenye Minecraft ni amri ya whitelist on, kisha unaongeza jina la kila mwenzako. Usiibandike IP yako kwenye kundi la watu usiowajua. Haimwonyeshi mtu mlango wa kwenu, na yangu mara nyingi husomeka Dar es Salaam ilhali nipo Kigoma, lakini mwenye nia mbaya anaweza kuifurikisha data mpaka intaneti ya nyumba nzima isimame.

Njia ya tatu: VPN ya kikundi, au handaki

Hii ndiyo iliyonikutanisha na Isevya hatimaye. Programu kama ZeroTier, Tailscale, Hamachi na Radmin VPN huwaweka watu walio mbali kwenye mtandao mmoja wa kubuni, kana kwamba wote wako sebuleni kwako. Kila mmoja anapewa IP mpya: Hamachi hutoa zinazoanza na 25, Radmin VPN zinazoanza na 26, Tailscale zinazoanza na 100. Hiyo ndiyo unayowapa wenzako, wala si ile ya 192.168. CGNAT haizuii, kwa sababu kila kifaa ndicho kinachoanza kuandika barua kwenda nje, na karani anaruhusu majibu.

Tofauti zao si kubwa ila zinaumiza usipozijua. Radmin VPN ni ya Windows peke yake, mwenye simu au Linux anabaki nje. Hamachi ya bure inaishia watu 5. Tailscale haipitishi ule mwito ambao gemu hutumia kujitangaza kwenye LAN, yaani mtandao wa ndani, hivyo dunia yako ya gemu haitajitokeza yenyewe kwenye orodha ya mwenzako. Aandike IP na poti kwa mkono. ZeroTier huupitisha. Zote zikishindwa kuwaunganisha watu wawili moja kwa moja hulazimika kupitia mashine ya kati, na pingi inapanda ghafla. Kwa kujenga nyumba kwenye Minecraft utavumilia, kwa gemu ya kulenga shabaha utachukia.

Handaki, mfano playit.gg, ni tofauti kidogo: mwenye seva peke yake ndiye anayeweka programu, wenzake wanapewa jina na poti ya kuandika basi. Kwa wenzangu ambao hata kuweka programu ni kazi, hii ilikuwa rahisi kuliko zote.

Jambo moja silifichi. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN watoe taarifa zao, pamoja na IP wanazotumia, kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, kwa kurejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Kwa hiyo kabla ya kuichagua njia hii soma tangazo hilo, au uulize TCRA wenyewe, hasa ukiwa unaendesha kibanda cha gemu cha biashara.

Njia ya nne: kukodi seva

Hapa unakodi mashine yenye IP yake ya umma, isiyobadilika, kwenye kituo cha data. Kumbukumbu ya GB 2 hadi 4 inawatosha watu wanne au watano wa Minecraft. Bei hutofautiana, za chini huanzia dola chache kwa mwezi, na unalipa kwa kadi, hata zile kadi za mtandaoni zinazotengenezwa kupitia pesa za simu.

Swali kubwa la kukodi ni mahali seva ilipo, na hapa watu wengi hukosea kwa kufuata bei. Mwanga kwenye uzi wa faiba husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Johannesburg iko kama kilometa 2,400 kutoka Kigoma kwa mstari ulionyooka, lakini data haipiti mstari huo. Inakwenda Dar es Salaam kwanza, inashuka na waya wa baharini, kisha inapanda bara. Hata tukikadiria kilometa 5,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 50 kwa uchache. Ulaya kwa njia ya bahari ni zaidi ya kilometa 10,000, yaani milisekunde 100 kabla hujahesabu ruta za njiani na mnara wa simu. Vituo vya data vya kampuni kubwa vipo Afrika Kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Kampuni ndogo za kukodisha seva za gemu nazo huweka mashine huko.

Hata hivyo usiamini ramani peke yake. Kuna laini ambazo data yake ya kwenda Johannesburg inazungukia Ulaya kwanza. Omba IP ya majaribio, andika ping na IP hiyo ukiwa Kigoma, mwenzako afanye hivyo akiwa Tabora, usiku wa saa 2 ambapo mtandao umejaa. Tumia laini mtakayochezea. Namba mtakazoziona ndizo za kuamini.

Kuna pia za bure. Aternos, ya Ujerumani, inakupa seva ya Minecraft bila malipo na jina linaloishia aternos.me. Unapanga foleni kuiwasha, na wote mkitoka inajizima. Mwanafunzi asiye na kadi aanzie huko, pingi ya Ulaya si kubwa mno kwa gemu ya kujenga.

Nani achukue ipi

Mwenye kibanda cha gemu Ujiji au Gungu, wateja wake wako ndani ya chumba: waifai moja, nukta. Asilipie seva ya nje hata mwezi mmoja.

Mwenye faiba yenye IP ya umma na wenzake watatu wa mbali, afungue poti, aweke DuckDNS na orodha ya majina. Akikuta CGNAT, ampigie mtoa huduma aulize kama IP ya umma inapatikana. Wakisema hapana, asipoteze usiku mwingine kwenye mipangilio ya ruta.

Wote mkiwa kwenye bando la simu, kama sisi, shindano ni kati ya handaki na kukodi. Mkicheza mara moja kwa wiki, handaki linatosha. Lakini kwenye handaki seva bado iko kwenye laptopu ya mtu mmoja. Akiishiwa bando, akikatikiwa umeme, au mama yake akiihitaji kompyuta, gemu ya wote imekwisha. Hilo ndilo lililotuamulia sisi. Tulikuwa watano, watatu Kigoma na wawili Tabora, tukachangishana tukakodi seva ya Johannesburg baada ya kuipima kutoka miji yote miwili.

IPv6, mfumo mpya wa IP, nayo inakuja, na kwenye mfumo huo kila kifaa kinaweza kuwa na S.L.P. yake. Ila ni lazima wewe na mwenzako wote muwe nayo, na kati yetu watano ni mmoja tu ambaye laini yake inampa. Kwa sasa siiweki kwenye mizani.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika Mwanga tukiwa katikati ya kujenga daraja. Sisi watatu wa Kigoma tukatoka gizani wote kwa pamoja. Uliporudi baada ya saa moja na nusu niliandika anwani ileile, nikaingia, nikakuta wale wa Tabora wamefika ng'ambo ya mto.